Merikebu Iliyo Chini ya Maji Yetu na Binti Asiyejua Kuogelea



Siku za bamvua, maji yanapotoka na kuuacha mwamba wazi, wanawake wa Diani, Gazi, Msambweni na Mkwiro hushuka pwani wakiwa na vikapu na michokoo. Wanazijua nyumba za pweza moja baada ya nyingine, wanajua jiwe la kugeuza na jiwe la kuacha, na wanajua wakati maji yatakapoanza kujaa bila ya kutazama saa. Elimu hiyo wameirithi kwa mama na bibi zao. Lakini maji yakiwafika kifuani, wengi wao hurudi nyuma. Kutoka hapo hadi kwenye mstari mweupe ambapo mawimbi huvunjika, bahari ni ya wanaume. Na chini ya mawimbi hayo, kwa miaka mingi, imekuwa ya wageni.

Nje ya mstari huo, mbele ya Diani, katika kina cha karibu mita 28, imelala meli ndogo ya uvuvi iitwayo Alpha Funguo. Haikupigwa na dhoruba wala haikugonga mwamba. Ilipomaliza umri wake wa kazi ilizamishwa kwa makusudi mwaka 2002, ili iwe makao ya samaki na mahali pa kutembelewa na wapiga mbizi. Tangu siku hiyo watu kutoka Ulaya na Marekani hupanda ndege usiku kucha kuja kuitazama, na mtoto wa Ukunda aliyezaliwa mwendo wa nusu saa kutoka hapo hukua akawa mtu mzima bila ya kujua kwamba ipo.

Makala haya yanaeleza mambo matatu: yanayomkuta mtu anayeishukia meli iliyozama katika maji yetu; siri iliyohifadhiwa na merikebu nyingine, ya zamani zaidi, iliyolala ng'ambo ya kivuko cha Likoni; na sababu ya mambo hayo kuwahusu akina mama ambao leo wameulizwa na binti zao, "Mama, na mimi nikajifunze kuogelea?"

Safari ya kushuka

Boti huondoka ufukweni asubuhi, hupita mlango wa mwamba na kutoka nje kwenye maji ya buluu. Wapiga mbizi huenda wawili wawili, kila mmoja akiwa mlinzi wa mwenzake. Kabla ya kujitosa, mmoja humkagua mwenziwe: mtungi umefunguliwa, hewa yatosha, mikanda imefungwa, hakuna kinachoning'inia. Kwa kuwa huko chini hakuna maneno, lugha ni ya mikono. Kidole gumba kikielekezwa juu maana yake ni tupande. Cha gumba na cha shahada vikikutanishwa kama pete, maana yake ni niko salama.

Jambo la kwanza analohisi mtu anaposhuka ni uzito wa maji masikioni. Hewa tunayoivuta nchi kavu ina mgandamizo wake, na kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo mwingine wa kiasi kile kile. Katika kina cha Alpha Funguo, mwili hubanwa karibu mara nne ya ilivyo ufukweni. Kwa hiyo mpiga mbizi huziba pua na kupuliza taratibu ili kuyasawazisha masikio yake, tena na tena, na akisikia maumivu husimama na kupanda kidogo. Anayelazimisha huweza kupasuka kiwambo cha sikio.

Mgandamizo huo huo huila hewa ya mtungi. Pumzi moja chini kule hubeba hewa karibu mara nne ya pumzi ya juu, hivyo mtungi ambao ungemtosha mtu kwa saa nzima karibu na uso wa maji utamtosha kwa muda mfupi tu kwenye kina hicho. Ndiyo maana ziara ya meli hii ni ya dakika chache, na mpiga mbizi mwenye busara huitazama saa ya hewa yake mara nyingi kuliko anavyowatazama samaki.

Rangi nazo hubadilika. Nyekundu hutoweka mwanzo, kisha rangi ya chungwa, kisha manjano, mpaka kila kitu kikabakia buluu na kijivu. Mtu akijikwaruza katika kina hicho, damu yake huonekana nyeusi yenye ukijani. Akiwasha kurunzi yake mbele ya ukuta wa meli ndipo anapoona kwamba ukuta alioudhania kuwa wa kijivu umejaa wekundu, uzambarau na udhahabu. Subhanallah! Mapambo hayo yalikuwapo siku zote, ila palikosekana mwanga wa kuyaonyesha.

Baridi ya bahari ya joto

Msomaji atashangaa kusikia kwamba katika bahari yetu mtu huweza kutetemeka kwa baridi. Wakati wa kaskazi maji ya pwani yetu hufika nyuzijoto 28 au 29, na wakati wa kusi hushuka hadi 25 au chini kidogo. Kwa aliyezoea bahari za Ulaya hayo ni maji ya kuoga. Lakini mwili wa binadamu una nyuzijoto 37, na maji hunyonya joto la mwili kiasi cha mara 25 kwa haraka kuliko hewa. Mtu anaweza kukaa kivulini siku nzima katika hewa ya nyuzijoto 25 asihisi lolote. Akikaa ndani ya maji ya kiasi hicho muda wa saa moja, midomo humtetemeka na vidole humfa ganzi. Mvuvi wa pweza anayetoka majini saa nne asubuhi na kujikunja juani anaijua habari hii bila ya kufundishwa na mtu.

Baridi ni adui wa akili kabla ya kuwa adui wa mwili. Mtu aliyepoa hufikiri polepole, husahau kutazama hewa yake, na mikono yake hushindwa kufungua mkanda. Kwa sababu hiyo wapiga mbizi huvaa nguo ya mpira yenye unene wa milimita tatu hadi tano, inayofunika kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu na viganja vya mikono, na wengine huongeza kofia ya mpira inayofunika kichwa, masikio na shingo. Tukumbuke jambo hili, kwani tutalirudia mbele.

Kupanda juu nako kuna adabu zake. Huko chini mwili hunywa sehemu ya hewa ambayo haina kazi nayo, iitwayo naitrojeni, na kuificha katika damu na minofu. Mtu akipanda kwa pupa, hewa hiyo hutoka kwa vishindo kama povu la soda iliyofunguliwa ghafla, na povu hilo likikaa katika viungo au uti wa mgongo huleta maumivu makali, kupooza na hata kifo. Dawa yake ni subira: kupanda polepole, mita tisa kwa dakika au chini ya hapo, kisha kusimama mita tano chini ya uso wa maji kwa muda wa dakika tatu kabla ya kutoka. Na katika safari yote, mtu asizuie pumzi hata mara moja, kwa kuwa hewa iliyomo kifuani hutanuka kadiri anavyopanda na huweza kuyapasua mapafu.

Chuma kilichogeuka mwamba

Meli ikizama mahali penye uhai, haikai tupu. Katika siku za mwanzo utando laini wa viumbe visivyoonekana kwa macho huipaka chuma chote. Juu ya utando huo huota mwani. Kisha huja chaza na viumbe vingine vya magamba vinavyojigandisha, huja sifongo, huja matumbawe laini yanayopunga kama majani ya mnazi katika upepo. Samaki wadogo huona mahali pa kujificha. Wakubwa huwafuata wadogo. Chewa hukaa chini ya sitaha kama mwenye nyumba, mkunga hutoa kichwa katika tundu la bomba, makundi ya changu na kolekole huzunguka juu ya omo na tezi, na taa hulala mchangani pembeni akijifunika.

Wavuvi wetu waliyajua haya kabla ya vitabu. Penye kitu kilichozama pana samaki, na nahodha mzee huzishika alama za mahali hapo kwa kulinganisha minazi na minara iliyo nchi kavu, akamrithisha mwanawe kama anavyomrithisha shamba. Hivyo meli iliyozama ni riziki pia. Anayeitembelea asiishike, asiivunje wala asichukue kitu, kwa sababu tumbawe moja lililokua miaka mingi huvunjika kwa teke moja la asiye mwangalifu.

Merikebu ya mbele ya Fort Jesus

Alpha Funguo ni meli ya juzi. Katika mkondo wa Mombasa, chini ya kuta za Fort Jesus, imelala nyingine ya zaidi ya miaka 300: merikebu ya kivita ya Wareno iliyoitwa Santo António de Tanná. Iliundwa Bara Hindi, huko Bassein, karibu na mji wa Mumbai wa leo, mwanzoni mwa miaka ya 1680. Kisa chake kinatuhusu kuliko tunavyodhani, na hasa kinawahusu wanawake.

Mwezi Machi mwaka 1696, majeshi ya Imamu wa Oman, Saif bin Sultan, yaliizingira Fort Jesus. Mzingiro huo uliendelea muda wa miezi 33. Tusidhani kwamba vita hivyo vilikuwa vya Waislamu upande mmoja na Wakristo upande wa pili, kwani Waswahili walikuwa nje ya ngome na ndani yake pia. Miongoni mwa waliokuwa ndani alikuwamo Bwana Daud bin Sheikh wa Faza pamoja na watu wake, waliokuwa upande wa Wareno kwa sababu za siasa za miji ya pwani ya zama hizo.

Santo António de Tanná ilifika mara ya kwanza mwezi Desemba 1696 ikileta msaada, kisha ikaondoka. Nyuma yake maradhi yaliingia ngomeni. Kufikia mwishoni mwa Agosti 1697 Wareno waliokuwa ndani walikuwa wamekwisha kufa. Kumbukumbu za vita hivyo zinataja waliobaki kuilinda ngome: Bwana Daud na jamaa zake 17, wanaume wanane Waafrika, na wanawake 50 Waafrika.

Tusome tena hesabu hiyo. Ngome ambayo leo tunawapeleka watoto kuitembelea ilishikwa na kikosi ambacho theluthi mbili yake walikuwa wanawake, na haikuanguka. Wanatajwa kwa idadi tu, bila ya majina. Waliendelea kuilinda hadi katikati ya Septemba, merikebu ya msaada ilipoonekana tena. Merikebu iliyofika ilikuwa ile ile Santo António de Tanná.

Mwezi uliofuata merikebu hiyo ilikatika nanga, ikasukumwa na maji hadi mwambani na kuharibika usukani wake. Ilivutwa ikarudishwa karibu na ngome, na huko ikazama. Ngome yenyewe ilitekwa na majeshi ya Oman mwezi Desemba 1698, na merikebu ikabaki chini, ikifunikwa taratibu na mchanga na tope.

Katika miaka ya 1960 wapiga mbizi wa Mombasa waliona mabaki yake. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1980, Makavazi ya Kitaifa ya Kenya pamoja na taasisi ya Marekani ya akiolojia ya majini, chini ya uongozi wa Robin Piercy, walifanya kazi ya kuichimbua. Kina chake si kirefu, lakini maji ya mkondo ule ni ya tope na wakati mwingine mtu haoni zaidi ya urefu wa mkono wake. Wachimbaji waligawa eneo kwa miraba ya vyuma, wakaondoa mchanga kwa bomba la kufyonza, na kila kipande kikachorwa mahali pake kabla ya kuguswa. Maelfu ya vitu yalitolewa: mitungi ya udongo, vyombo vya kauri ya China, risasi za mizinga, vipande vya mpingo, vifaa vya mabaharia. Mkuku na mataruma yaliyobaki yalipimwa, kisha yakafunikwa tena kwa mchanga yalipokuwa. Baadhi ya vitu hivyo vimewekwa katika jumba la makumbusho lililo ndani ya Fort Jesus, na familia yoyote inayovuka Likoni siku ya mapumziko inaweza kuviona.

Amana isiyouzwa

Huenda mtu akauliza: kwa nini wakaifunika tena? Kwa nini wasiipandishe yote? Jibu ni kwamba bahari huhifadhi inachokifunika. Ubao uliozikwa katika tope hukosa hewa, na wadudu waharibifu hawaufikii. Unaweza kukaa karne tatu. Ukitolewa na kuachwa juani, maji yaliyomo ndani yake hukauka, nao hupasuka na kuwa unga. Chuma kilichojaa chumvi hubanduka vipande vipande. Kila kitu kinachotolewa huhitaji kulowekwa na kutibiwa kwa miezi, na mara nyingine kwa miaka, na tiba hiyo ni ya gharama kubwa.

Kwa hiyo mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 kuhusu turathi zilizo chini ya maji unaweka kanuni kwamba chaguo la kwanza ni kuviacha vitu mahali vilipo, na kwamba turathi hizo zisifanywe bidhaa za biashara. Hapa nchini, Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inavitaja pia vyombo vilivyozama. Mwanaakiolojia Caesar Bita wa Makavazi ya Kitaifa amekuwa mstari wa mbele katika uchunguzi wa meli zilizozama pwani ya Kenya, ikiwamo ile ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, iliyozama tangu zama za mwanzo za Wareno ikiwa na shaba na pembe za ndovu. Kazi kama hiyo huwategemea wavuvi, kwani wao ndio wanaojua pahali nyavu zinaponasa.

Sisi Waislamu tunalo neno fupi zaidi kuliko mkataba na sheria, nalo ni amana. Kitu cha mtu aliyezama si ngawira ya aliyekiona. Ndani ya merikebu ya vita walikufa watu, na pahali walipofia panastahili heshima. Mvuvi anayepata mtungi wa kale katika nyavu zake akaupeleka makavazini ametimiza amana. Anayeuuza kwa mtalii kwa noti mbili ameiuza historia ya wajukuu zake, na mtungi wenyewe utaharibika mikononi mwa aliyeununua.

Lakini amana haiwezi kulindwa na mtu asiyeweza kuifikia. Ikiwa watoto wetu hawajui kuogelea, seuze kupiga mbizi, basi kila kilicho chini ya maji yetu kitaelezwa, kitapimwa na kuonyeshwa na watu wengine, na sisi tutakuwa wapokeaji wa habari za nyumbani kwetu.

Binti na maji

Hapa ndipo tunaporudi kwa binti na swali lake. Nyumba nyingi hujibu kwa kusema: bahari si mahali pa mtoto wa kike. Wanaosema hivyo wanalo jambo la haki wanaloliogopea. Wanaogopea stara, wanaogopea mchanganyiko wa wanaume na wanawake, wanaogopea maji yenyewe. Hofu hizo tusizibeze. Tuzijibu moja moja.

Kuhusu maji yenyewe, asiyejua kuogelea ndiye aliye hatarini zaidi. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilipinduka na watu 272 wakafariki, mita chache kutoka ufukweni. Walikuwamo akina mama, wafanyakazi na wachuuzi ambao nchi kavu waliiona kwa macho yao. Mwenyezi Mungu awarehemu. Kujua kuogelea kusingewaokoa wote katika msongamano ule, na ajali haina mwenyewe. Lakini sisi ni watu wa visiwa, vivuko na mashua. Mama wa Wasini hupanda chombo kwenda kujifungua, mwanafunzi wa Mkwiro huvuka maji kwenda Shimoni. Kumwacha mtoto wa pahali kama hapo bila ya elimu ya kuelea ni sawa na kumpeleka njiani bila ya kumfundisha kutazama magari.

Kuhusu dini, Imamu An-Nasai amepokea hadithi inayotaja mambo yasiyohesabiwa kuwa mchezo wa bure, na kujifunza kuogelea ni mojawapo. Qur'ani Tukufu nayo, katika Suratur-Rahman, inataja lulu na marijani zitokazo baharini miongoni mwa neema za Mola wetu. Neema iliyotajwa kwa jina haifai kuwa ngeni kwa wanaoishi kando yake.

Kuhusu stara, tukumbuke nguo ya mpira tuliyoitaja. Mpiga mbizi, awe Mwislamu au asiwe, mwanamume au mwanamke, hufunika mwili wake kwa sababu baridi na miiba ya baharini humlazimisha. Juu ya nguo hiyo, kwa kuwa hubana, mwanamke anaweza kuvaa vazi jingine pana lisilozuia mikono na miguu; na kwa kuogelea tu, yapo mavazi mapana yaliyoshonwa kwa kitambaa kisichonywa maji. Katika kijiji cha Nungwi, Unguja, mradi wa Panje uliwafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamejisitiri mwili mzima, nao wakawa walimu wa wasichana wenzao. Picha zao majini zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018, na ulimwengu ukaona kwamba vazi la stara halimzamishi mtu.

Na kwetu Kwale mifano ipo. Wanawake wa Wasini wamejenga daraja la mbao juu ya bustani ya matumbawe na kulipatia kipato kwa wageni; wanawake wa Gazi wana njia yao ya mbao ndani ya mikoko. Upande wa Mkwiro na Shimoni, miradi ya kupanda matumbawe imewafundisha wenyeji kupiga mbizi ili waihudumie bustani iliyo mbele ya nyumba zao. Kazi ya baharini haiko tena mikononi mwa watu wa ngalawa peke yao, na binti asiyeogopa maji ana milango zaidi ya riziki ya halali kuliko mama yake.

Masharti ya nyumba yenye busara

Kukubali si kufungua mlango bila ya mlinzi. Haya ni mambo ambayo wazazi wanaweza kuyashika.

Anza kwa kuogelea, si kwa kupiga mbizi. Maji ya ndani ya mwamba, hasa siku za maji mafu na msimu wa kaskazi, ni madarasa yaliyoumbwa na Mola wetu: ni ya kina kifupi, hayana mawimbi, na chini yana mchanga. Mtoto aelee mwanzo, kisha ajifunze kuvuta pumzi, kisha aende mbele. Asiachwe majini bila ya mtu mzima anayemtazama yeye na si simu.

Tafuteni mwalimu mwanamke. Akina mama kumi wa mtaa mmoja wakishauriana wanaweza kumlipa mwalimu mmoja na kupanga saa yao, au kuzungumza na hoteli yenye kidimbwi ili iwatengee muda wa wanawake peke yao. Jambo linaloshindikana kwa mmoja huwa jepesi kwa kumi.

Anayetaka kupiga mbizi kwa mtungi apitie mafunzo rasmi. Mashirika makubwa ya mafunzo hupokea watoto kuanzia miaka 10, na kwa ngazi ya mwanzo humwekea mtu mzima mpaka wa mita 18. Alpha Funguo iko chini ya hapo, kwa hiyo inataka mafunzo ya ngazi ya pili. Mtu yeyote atakayewaahidi kumpeleka mtoto huko siku ya kwanza, mkataeni. Ulizeni cheti, angalieni vifaa, ulizeni kama boti ina hewa ya oksijeni ya dharura.

Mama mjamzito asipige mbizi. Mwenye pumu, maradhi ya moyo, kifafa au matatizo ya masikio aonane na daktari kwanza. Aliyepiga mbizi asipande ndege mpaka zipite saa 18 au zaidi. Na asiingie mtu ndani ya meli iliyozama kwa kuwa ameona mlango wazi. Tope likitibuka humo, mlango hauonekani tena. Waliofundishwa kazi hiyo ndio wanaoingia, tena kwa kamba.

Mwisho, wazungumzeni vijana wa kiume nao. Wengi huzama na kuzamuka kutafuta kamba na pweza kwa pumzi zao, wakishindana nani atakaa zaidi. Mtu anayevuta pumzi nyingi za haraka kabla ya kuzama huweza kuzimia chini bila ya dalili yoyote. Asizame peke yake. Pawe na mwenziwe juu anayemtazama.

Ufunguo

Wanawake 50 waliobaki Fort Jesus hawakuulizwa kama ukuta ni mahali pao. Ukuta uliwafikia, nao wakausimamia. Bahari nayo imetufikia siku nyingi. Inapanda hadi ukingoni mwa mashamba yetu, inatulisha, na mara nyingine inatuchukulia wapenzi wetu. Chini yake zimelala merikebu zilizobeba habari za waliotutangulia, na moja yao, mbele ya Diani, inaitwa Funguo. Mlango wa kwanza wa kufungua ni ule wa nyumbani, na anayeushika ufunguo wake ni mzazi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awalinde watoto wetu nchi kavu na baharini, awape wavuvi wetu riziki yenye baraka, na awarehemu wote waliofia majini, kwani Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba aliyekufa maji ni miongoni mwa mashahidi. Amin.

Wabillahi tawfiq.